Mpimaji Anayenong'ona ni Mwizi

Idara ya Umbo Bora na Ustawi wa Kiuno, tawi la Eldoret, ina fahari kuutangazia umma kwamba uchunguzi wake wa kihistoria kuhusu sababu za watu wanene kukataa sindano za kupunguza uzito umekamilika kwa mafanikio makubwa. Mimi, Elphas Mabonga, Katibu wa Kikosi Kazi, ndiye niliyepewa jukumu la kueleza yaliyotokea, maana huko sokoni watu wameanza kueleza yao. Na watu wa mji huu mnawajua. Ukikohoa Langas asubuhi, jioni wanakuzika Huruma.

Yalianza hivi. Wafadhili walituletea sindano. Si zile za utotoni mwetu zilizokuwa zikichemshwa kwenye sufuria huku tukilia. Hizi zina umbo la kalamu. Unajidunga tumboni mara moja kwa wiki, na hamu ya kula inakaa chini na kunyamaza. Zilikuwa za bure, kwa watu ambao unene umewaletea shida za afya. Tuliziweka kwenye friji ya ofisi, rafu ya juu, kando ya maziwa ya chai ya Mkurugenzi, kwa sababu hiyo ndiyo friji pekee iliyounganishwa na jenereta. Ufunguo nilikuwa nao mimi.

Tukangoja watu. Hawakuja. Mkurugenzi wetu, Bwana Kiprop, mtu mwenye maono makubwa na kitambi cha wastani, akaniita ofisini kwake.

"Elphas, mji umejaa watu wanene. Nawaona kwa macho yangu. Mbona hawaji?"

"Labda hatujawatangazia, bosi."

"Hiyo si sababu. Hiyo ni lawama. Nataka sababu iliyo upande wao."

Hapo ndipo kilipozaliwa Kikosi Kazi cha Kuchunguza Ukaidi wa Walengwa. Mlengwa, kwa wasiojua lugha ya ofisi, ni mwananchi anayestahili kusaidiwa lakini bado hajasaidiwa. Akishasaidiwa anaitwa mnufaika. Hatukuwa na mnufaika hata mmoja, lakini walengwa tulikuwa nao wa kutosha.

Sasa, kwa mujibu wa utaratibu, hakuna atakayepewa sindano kabla ya kupimwa uzito. Mizani yetu ilikuwa inaishia kilo mia moja na ishirini, kwa hiyo yule aliyeihitaji sindano zaidi ndiye ambaye mizani haikumweza. Idara nyingine ingekata tamaa. Lakini sisi tuko Uasin Gishu, na huku kukosa mizani ni kujitakia. Nyuma ya ofisi kuna ghala la mahindi. Tuliazima mizani yao, ile ya jukwaa la chuma inayopandishwa magunia, pamoja na mpimaji wake, Oyugi.

Huyu Oyugi sauti yake inasikika hadi ng'ambo ya reli. Haikuja bure. Mkulima wa huku akileta mahindi anataka uzito utamkwe kwa sauti, mbele ya foleni nzima, majirani wakiwa mashahidi, ndipo aamini kwamba hajapunjwa. Mpimaji anayenong'ona ni mwizi. Ndivyo wanavyosema pale ghalani, na yupo mmoja aliyewahi kunong'ona ambaye siku hizi anafuga kuku Timboroa. Mkurugenzi aliipenda sana desturi hiyo. Aliiita uwazi.

Siku ya ufunguzi alipanda mizani yeye mwenyewe ili kuwatoa wananchi woga.

"Mkurugenzi!" Oyugi alinguruma. "Kilo tisini na sita! Toa moja ya gunia!"

Gunia lilikuwa koti lake. Wakulima waliokuwa na trela zao pale uani walipiga makofi, kwa kuwa mwanamume mwenye cheo akiwa na tisini na sita amejiheshimu, na mke wake ameheshimiwa pia. Mkurugenzi alishuka akitabasamu.

Mlengwa wa kwanza alikuwa mwalimu mmoja mnene, mtu mtaratibu, mwenye shinikizo la damu. Alipanda kwa adabu, amevua kofia.

"Mwalimu! Gunia moja na nusu!"

Kwa bahati mbaya wanafunzi wake walikuwa wanapita hapo kwenda nyumbani. Jina la Gunia-na-Nusu linamfuata hadi leo, hata kwenye mkutano wa wazazi. Hakurudi kuchukua sindano. Tulimwandika mkaidi.

Kisha akaja Musimbi.

Musimbi ana hoteli ya chapati na maharagwe ya madondo kwenye kona ya ofisi yetu. Ni mwanamke mnene sana, mcheshi, na idara nzima inakula kwake. Wakati huo alikuwa ameanza kupika akiwa amekalia kreti ya soda, jambo ambalo sisi wateja tulilichukulia kuwa ni mtindo wake mpya.

"Elphas, nimekuja kuchukua ile sindano."

"Hapa ofisini ni Katibu."

"Haya, Katibu. Daktari wa magoti amesema hawezi kunipasua mpaka nipungue. Na haya magoti yameisha, baba. Nikiamka asubuhi naomba ukuta ruhusa. Nikishindwa kusimama nitafunga hoteli, na mimi sina kazi ingine najua."

"Tuanze na swali la kwanza. Kwa nini unakataa sindano?"

"Sijakataa. Si nimekuja kuitaka?"

"Mama, Kikosi hiki kinashughulikia wanaokataa."

"Na wenye wanataka wanaenda wapi?"

"Ofisi yao haijafunguliwa."

Mkurugenzi alisikia sauti akatoka, akijipangusa makombo mdomoni. Ni mtu anayependa kuwa karibu na wananchi.

"Mama Musimbi, tuwe wakweli," alisema. "Shida si kula tu?"

"Bosi, mimi napika kutoka alfajiri. Nikimaliza nakula chapati moja imekauka. Wewe nakuletea tano na unatuma mtu aulize kama ya sita iko." Hakusema kwa ubaya, alisema kwa sauti ileile anayotumia kuuliza kama utaongezewa supu. "Nimejaribu ndimu na maji moto. Nimefunga na kanisa na nimefunga bila kanisa. Nimetembea kwenda soko na kurudi mpaka magoti yakavimba. Mama yangu alikuwa hivi, nyanya yangu pia. Mwili uko na mambo yake."

"Ni nidhamu tu, Mama. Mtu ni kuamua. Haya, panda pale upimwe."

Musimbi aliitazama ile mizani. Akaitazama foleni ya wakulima, na vijana waliokuwa wamekaa juu ya magunia wakisubiri burudani. Akamtazama Oyugi, ambaye tayari alikuwa anasafisha koo.

"Nipimie ndani," alisema. "Ama huyu aniambie kwa sikio."

"Mama, mimi sinong'oni," Oyugi akajitetea, na kweli alionekana ameumia. "Nikinong'ona hapa, kesho nitaitwa mwizi."

"Basi nami si mahindi."

Akaondoka polepole, mkono ukutani, akipumzika kila baada ya hatua chache. Mkurugenzi aliniambia nimwandike mkaidi, nikamwandika. Sitaficha kwamba nilihuzunika sana, kwa sababu siku hiyo hatukuletewa chapati.

Basi sindano zikawa zinakaa tu kwenye friji, na sindano ni kama maziwa, zina siku yake ya kuharibika. Mkurugenzi alisema mali ya umma haiwezi kuharibika mbele ya macho yake na yeye ni Mkristo. Akaanzisha mpango ulioitwa Majaribio ya Ndani ya Usalama wa Mwananchi. Wakubwa wangejidunga kwanza, ili kama kuna madhara, yawapate wao badala ya mnyonge. Sijawahi kuona moyo wa kujitolea kama ule. Naibu alijitolea. Mke wa naibu alijitolea, na dada yake pia. Mhasibu alijitolea, ingawa ni mtu ambaye akisimama kiubavu unaweza kufikiri ametoka nje. Lakini Mkurugenzi aliwapita wote, kwa kuwa binti yake alikuwa anaolewa Desemba na suti ilikuwa imeshonwa kwa matumaini.

Nami nilikuwa nafungua friji na kufunga.

Miezi ikapita na Mkurugenzi akapungua kweli. Kitambi kiliondoka bila kuaga. Mkanda uliongezwa matundu hadi fundi viatu akasema ngozi imekwisha. Shingo ikawa inazunguka ndani ya kola, na kola yenyewe imetulia.

"Unaona, Elphas?" aliniambia akijitazama kwenye kioo cha dirisha. "Nidhamu."

Akiwa katika hali hiyo ya ushindi, aliamua twende Moiben kuwahamasisha wakulima. Tulifika kwa Mama Jemutai, mfugaji mwenye ng'ombe wa maziwa na sauti katika kila kamati. Alikuwa amechinja mbuzi. Majirani walikuwa wamejaa uani, na mbele kabisa aliketi mama mmoja mwenye kisukari, miguu imevimba, ambaye alikuwa ameacha kazi zake ili aje kuuliza habari za sindano.

Huko mgeni mkubwa hahutubii kabla ya kunywa. Mama Jemutai alileta kibuyu cha mursik, maziwa yaliyolala vizuri na kuwekwa mkaa wa mti wao, akamimina kikombe kikajaa. Mkurugenzi alionja. Nilikuwa karibu naye, niliona rangi ikimtoka usoni. Akakirudisha kikombe mezani kikiwa kimejaa vilevile.

Zikaletwa nyama na ugali. Akamega tonge, akalizungusha mkononi, akalirudisha kwenye sahani.

"Nimeshiba, Mama."

Majirani wakageuka kumtazama.

"Umeshiba?" Mama Jemutai aliuliza. "Umeshibia kwa nani?"

"Sijakula popote, Mama. Tumbo tu limejaa."

"Limejaa nini na hujakula?"

Mzee mmoja alisogeza kiti chake, akamshika Mkurugenzi goti kwa huruma. "Kijana yangu, hapa ni nyumbani. Sema tu. Ni nini unaumwa?"

"Siumwi, Mzee."

"Wote husema hivyo."

Wakasimama, wakamwekea mikono, wakamwombea kwa muda mrefu. Katikati ya maombi Mkurugenzi aliponyoka na kukimbilia nyuma ya zizi, na sauti zilizotoka huko zikawafanya waombe kwa bidii zaidi. Aliporudi, Mama Jemutai alinigeukia mimi.

"Hii ndiyo hiyo sindano yenu?"

"Ndiyo hiyo, Mama," nilisema kwa fahari. "Ukiangalia, inafanya kazi."

"Na mnataka tukuwe hivi?"

Nilimweleza kwamba kichefuchefu mara nyingi hupungua, kwamba daktari huanza na kipimo kidogo na kukipandisha polepole, na kwamba Mkurugenzi alikuwa amekipandisha haraka kwa sababu ya suti. Hakuna aliyenisikiliza. Yule mama mwenye kisukari alichukua kibeti chake na kwenda zake, na hakuna aliyemrudisha. Tuliandika: Moiben, ukaidi wa kimila.

Tulipofika Eldoret habari zilikuwa zimetutangulia. Wengine walisema Mkurugenzi ana miezi, wengine wakampa wiki. Kuna kikundi cha WhatsApp kilichokuwa kimeshafunguliwa kwa ajili ya matayarisho ya mazishi, na yeye mwenyewe aliongezwa humo kwa makosa. Alikuta watu wanajadili aina ya jeneza. Aliyefungua kikundi alikuwa naibu.

Ndipo wafadhili wakamtuma mkaguzi kutoka Nairobi, mwanamke mwembamba wa maneno machache anayeitwa Linah. Alitaka kuona kazi yetu. Tuliweka hema uani kwenye ghala, viti vyenye vitambaa, na chakula tukaagiza kwa Musimbi, kwani ukaidi wa mtu hauingii kwenye chapati zake. Siku hiyo aliketi nyuma ya masufuria yake, kwenye ile kreti, akigawa sahani bila kuinuka. Wakulima walisimama pembeni na trela zao, na Oyugi alikuwa kwenye mizani yake, kwa kuwa hatukuweza kuihamisha.

Mkurugenzi alitoa hotuba yenye uzito, nadhani ndio uzito pekee uliokuwa umembakia.

"Tumewatafuta walengwa mitaani na vijijini," alisema. "Tumewabembeleza. Wamekataa. Kuna uvivu, kuna mila. Kwa ufupi, madam, watu wetu hawana nidhamu."

Linah alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba kuonyeshwa friji. Nikafungua. Kulikuwa na maziwa, na nyuma ya maziwa boksi moja la sindano.

"Kama walikataa," aliuliza tuliporudi hemani, "sindano zimeenda wapi?"

"Zimetumika," alisema Mkurugenzi.

"Na nani?"

"Na wanufaika."

"Vizuri sana. Naomba kumwona mmoja."

Mkurugenzi alinitazama mimi. Mimi nilimtazama naibu. Naibu alitazama mbingu. Ndipo Oyugi, ambaye hapendi kuona mgeni akisumbuka, akainua mkono.

"Madam, mwenye amepungua hapa ni mmoja. Nilimpima mwenyewe siku ya ufunguzi. Ni huyu bosi."

"Oyugi," Mkurugenzi alisema akiuma meno, "ongea polepole."

"Siwezi, bosi. Si ulisema ni uwazi?"

Hapo Mkurugenzi alikuwa na njia mbili tu. Ama akubali kwamba anakufa, kama mji ulivyokuwa umeamua, na naibu alikuwa anamtazama kwa matumaini. Ama akubali kwamba amekula sindano za watu. Alifikiri kidogo, akaivua saa yake, akapanda mizani. Mtu akiwa na uhai anaupenda.

"Mkurugenzi!" Koo la Oyugi lilifunguka lote. "Kilo sabini na nane! Ufunguzi ilikuwa tisini na sita! Toa moja ya gunia!"

Wakulima ni watu wa hesabu. Walitoa palepale, kwa sauti, wakakubaliana jibu. Hakuna aliyepiga makofi.

Musimbi akaweka mwiko chini. Akashika meza kwa mikono miwili na kuinuka, jambo lililochukua muda, na watu wote wakamngoja.

"Kwa hivyo hizo ndizo mlisema nimekataa?" aliuliza. "Nilikuja na magoti yangu haya. Nikawaambia nataka. Mkaniuliza kwa nini nakataa. Mimi sikukataa sindano, bosi. Nilikataa kuitwa gunia mbele ya watu nawapikia." Aliiegemea meza. "Mnatuambia tumekosa nidhamu, na nyinyi ndio mmeshindwa kukaa na friji."

Oyugi alitazama mizani yake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuiona. Linah hakusema mengi. Alichukua lile boksi kutoka mikononi mwangu, akalitia kwenye kikapu chenye barafu. Akasema litapelekwa kwa daktari wa Musimbi, na yatakayofuata yatapita kwa madaktari, si kwa friji yetu. Ufunguo aliniachia. Sasa unafunga maziwa tu.

Halafu akamgeukia Mkurugenzi kwa heshima zote. Kwa kuwa alikuwa ametumia dawa ya mradi, alisema, basi yeye ni mnufaika rasmi, na kwa mujibu wa utaratibu tulioubuni sisi wenyewe, kila mnufaika lazima afuatiliwe kila wiki kwa miaka miwili, kwenye mizani ileile, na mpimaji yuleyule. Mkurugenzi aliuliza kama anaweza kupimwa ndani. Linah alimkumbusha kwamba uwazi ni wazo lake.

Kwa hiyo kila Jumatatu asubuhi Mkurugenzi anapanga foleni nyuma ya ghala, kati ya magunia. Sindano hapati tena, na zile zikikatizwa, njaa inarudi na jamaa zake wote. Suti ya harusi ilimbana siku ya harusi yenyewe, na picha ya familia imepigwa akiwa amevua koti.

"Mkurugenzi! Themanini na tisa! Bado anapanda!"

"Ashikilie," wakulima wanamshauri. "Asiuze sasa, bei itapanda."

Juzi alinivuta pembeni. Macho yalikuwa mekundu.

"Elphas, nakula nashiba, na bado nataka kula. Nimeamua, nikaamua tena. Haikubali. Mwili uko na mambo yake."

"Ni nidhamu tu, bosi," nilimwambia, maana huo ndio msimamo wa Idara.

Sasa imebaki sehemu moja ya taarifa hii ambayo haijakamilika, na lawama si yangu. Musimbi, ambaye sasa anapata sindano kwa daktari wake, anapimwa Ijumaa kwenye mizani ileile. Oyugi mwenyewe, bila kuagizwa na mtu, aliazima vijana wanne wakaiburuta mizani hadi ndani ya stoo, akatundika turubai dirishani na kuweka komeo mlangoni. Jumatatu wanaitoa, Ijumaa wanaiingiza. Mimi kama Katibu nilisimama nje ya mlango na kalamu yangu, nikangoja lile koo lijulikanalo hadi ng'ambo ya reli. Sikusikia kitu. Mlango ulifunguliwa, Musimbi akatoka amejifunga leso, anatabasamu peke yake.

"Ngapi?" nikamuuliza Oyugi.

"Muulize mwenyewe."

"Oyugi, wewe leo wa kunong'ona? Unajua vile wanasema hapa kuhusu mpimaji anayenong'ona."

"Najua," alisema akifunga mlango. "Niite mwizi."

Nilimfuata Musimbi hadi hotelini kwake kwa ajili ya takwimu. Nilimkuta amesimama mbele ya jiko, anageuza chapati. Ile kreti ya soda ilikuwa nje, imejaa chupa tupu, inangoja lori. Nikamuuliza uzito wake mara mbili, kwa niaba ya Serikali. Aliniuliza kama nitaongezewa supu.